Duara lenye pembe nne: ugomvi wa guta Kariakoo ulionirudisha kwenye karatasi ya grafu

#1 KaratasiYaGrafu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi utakuwa mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nafanya kazi duka la vitenge Kariakoo, mimi ndiye napanga mizigo inayotoka. Bosi alibandika tangazo: mzigo ukienda ndani ya mita 300 kutoka dukani, kijana wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, anakupelekea bure. Zaidi ya hapo unamlipa mwenyewe. Tangazo limeleta wateja, na limeleta ugomvi.

Jumanne kaja mama mmoja, kachukua majora kumi na mawili. Fremu yake iko mitaa ya ndani. Katoa simu, kafungua ramani, kaweka kidole dukani kwetu, kakiburuta mpaka kwake. Mita 297. "Nimo, pakieni." Kijana wa guta kamwangalia, kamwambia kwa upole kabisa: "Mama yangu, hiyo ramani yako inapita juu ya mapaa. Mimi napita barabarani." Akahesabu: kunyoosha mtaa mpaka kona mita 210, kukata kulia mita 210 nyingine. Mia nne na ishirini.

Mama mkali, kijana mkali, watu wamepanga foleni nyuma yao. Bosi akamaliza kwa kusema peleka tu. Mimi ndiye nilikwama, maana wote wawili walikuwa sahihi. Nilipiga hesabu ya Pythagoras: 210 kwa 210, mara mbili, unapata 88,200. Kipeuo chake cha pili ni 296.98. Simu ya mama haikudanganya, na miguu ya kijana haikudanganya.

Usiku nikachukua karatasi ya grafu ya mdogo wangu. Kila mstari ukawa mtaa, kila mraba mita 100, duka katikati. Nikajiuliza: kona zipi ziko mita 300 kamili kwa njia fupi kuliko zote za guta? Mitaa mitatu kulia. Miwili kulia, mmoja juu. Mmoja kulia, miwili juu. Mitatu juu. Nikazunguka hivyo pande zote nne, nikapata kona 12. Nilipoziunganisha, mbele yangu kulikuwa na uru. Ile uru ya karata, mraba uliosimama kwa kona yake.

Sasa kilichoninyima usingizi ni hiki. Nilifungua daftari la dogo nikasoma maana ya duara: nukta zote zilizo umbali sawa kutoka kitovu. Basi. Hakuna mahali pamesemwa liwe la mviringo! Uru yangu inatimiza maana hiyo neno kwa neno, ila umbali wake umepimwa kwa mitaa, si kwa rula.

Naomba wajuzi: kitu hiki kina jina? Na maumbo mengine ya darasani, duaradufu, parabola, haipabola, nayo yanageuka hivi? Naomba kuwasilisha.

#2 Kisamvu

Yaani mtu kakosa usingizi sababu ya guta 😂 Nimekaa hapa na kahawa yangu, ngoja waje.

#3 DerevaBoda

Kijana yuko sahihi, mama alitaka kitonga. Mimi abiria akinionyesha ramani namwambia panda hiyo ramani ikupeleke.

#4 Mwl_Chaki

Mleta mada, umekanyaga kitu kikubwa bila kujua. Jina lipo: jiometria ya teksi. Teksi kwenye mji wa mitaa iliyonyooka inakwenda kama guta lako, kulia au kushoto, juu au chini, haikati mshazari. Wengine huuita umbali huo umbali wa Manhattan, kwa sababu mpango wa mwaka 1811 uliichora sehemu kubwa ya kisiwa kile cha New York kwa mitaa inayokatana kwa pembe mraba.

Wazo lenyewe linatokana na kazi za Hermann Minkowski, Mjerumani aliyemfundisha Einstein kule Zurich. Alionyesha kwamba unaweza kubadilisha kanuni ya umbali na bado ukapata jiometria inayosimama kwa miguu yake, mradi kanuni iwe na adabu tatu. Umbali usiwe sifuri isipokuwa umesimama palepale. Kwenda kuwe sawa na kurudi. Na kupitia mahali pa tatu kusiwahi kufupisha safari. Umbali wa mitaa unatimiza zote.

Sasa nikuongezee kitu ulichokiacha mezani. Umechora duara, hukupima mzingo wake. Upime kwa kipimo kilekile cha guta. Kutoka ncha ya kulia ya uru mpaka ncha ya juu ni mitaa mitatu kushoto na mitatu juu, yaani sita. Pande ziko nne, mzingo ni 24. Kipenyo ni 6. Gawanya.

#5 Kisamvu

24 kwa 6 ni 4. Pai ni NNE? Mwalimu usinivuruge, mimi nilichapwa kwa sababu ya 22/7.

#6 Mwl_Chaki

Nne kamili, haina hata nukta ya desimali. Na ni hivyo kwa uru ya ukubwa wowote: nusukipenyo kikiwa r, mzingo ni 8r, kipenyo 2r.

Mwaka 1932 Mpoland mmoja, Stanisław Gołąb, alithibitisha kwamba ukitumia kanuni yoyote ya umbali ya aina ya Minkowski kwenye karatasi, pai yako itaangukia kati ya 3 na 4. Haishuki chini ya 3, haizidi 4. Ukiwa na 3, duara lako ni pembesita. Ukiwa na 4, ni pembenne ya pande sambamba, kama uru ya Kariakoo. Hii yetu ya 3.14 iko humo ndani tu, na mviringo wake.

#7 Ngosha_wa_Ziwani

Hapana, mimi napinga. Hebu tugawe ule mraba wa mita 210. Badala ya kukata kona moja, guta likate kona tatu: 105 kulia, 105 juu, 105 kulia, 105 juu. Kisha kona kumi. Kisha elfu moja. Ngazi inakuwa ndogo mpaka huioni, inakuwa mstari wa mshazari kabisa. Kwa hiyo 420 lazima iteremke hadi 297. Uongo wenu uko hapo.

#8 Mwl_Chaki

Ngosha, nimelipenda pingamizi lako, ila jumlisha ulichoandika. 105 mara nne ni ngapi? Kona elfu moja, kila kipande kidogo, lakini vya kulia vyote vinajumlisha 210 na vya juu vyote 210. Kila hatua ya safari yako jibu ni 420. Halipungui hata sentimita moja.

Ngazi inausogelea mshazari kwa *mahali*. Kwa *mwelekeo* haiusogelei kabisa. Hata ngazi ndogo kama chembe ya mchanga, aliye juu yake bado anatazama ama kulia ama juu, hakuna sekunde anayotazama mshazari. Urefu unatokana na mwelekeo. Kuna kile kichekesho cha mitandaoni cha kukunja kona za mraba ndani ya duara mpaka "kuthibitisha" pai ni 4; ni mtego huuhuu.

#9 Ngosha_wa_Ziwani

Nimejumlisha mara tatu. 420. Nimekaa chini.

#10 KaratasiYaGrafu

Wakuu nimerudi na karatasi nne zimejaa. Nilianza na duaradufu, maana baba yangu mdogo ni seremala na huwa namwona akichora meza za duaradufu: misumari miwili, kamba, penseli inaivuta kamba inazunguka. Maana yake ni kwamba umbali hadi msumari wa kwanza jumlisha umbali hadi wa pili haubadiliki.

Nikaweka misumari kwenye mtaa mmoja, mitaa minne kati yao. Tuseme mmoja uko (-2, 0) na mwingine (2, 0). Jumla nikaipa 8.

Ukiwa popote katikati ya misumari miwili, ukisogea kulia unaukaribia mmoja kwa hatua ileile unayouacha mwingine. Hasara ya huku ni faida ya kule. Kwa hiyo kulia na kushoto hakubadilishi kitu, jumla ni 4 za kati yao pamoja na kupanda kwako mara mbili. Ili ifike 8, panda 2. Hapo juu unapata paa bapa, limenyooka kutoka msumari hadi msumari. Chini vilevile. Ukishavuka msumari, faida inaisha, kila hatua ya kulia inakuongezea kwa misumari yote miwili, basi mstari unaanza kuteremka mshazari hadi (4, 0).

Pembesita! Ndefu, ncha mbili kali, kama penseli iliyochongwa huku na huku. Nilicheka peke yangu saa saba usiku.

#11 BintiWaTanga

Kaka, hongera, lakini baba yako mdogo akijaribu kwa kamba atapata duaradufu ya kawaida. Kamba ikivutwa inanyooka, na ikinyooka imeshapima kwa rula. Yako lazima ihesabiwe kona kwa kona.

Halafu mbona umeweka misumari kwenye mtaa mmoja tu? Huko ndiko kwenye raha ndogo. Weka mmoja (-2, -1), mwingine (2, 1). Jumla iwe 10. Mimi nimepata pande nane: bapa juu kwenye kimo cha 3, bapa chini, wima kulia kwenye 4, wima kushoto, na kona nne zimekatwa mshazari. Kama sinia la pembenane.

Sasa punguza jumla taratibu. 9, 8, 7. Sinia linabana. Ukifika 6, ambao ndio umbali wenyewe wa mitaa kati ya misumari, angalia kinachotokea. Kwa rula, duaradufu ikibanwa hivyo inabaki mstari mmoja mwembamba kati ya misumari. Hapa haibaki mstari. Linabaki *sanduku zima limejaa*. Kila nukta ndani ya mstatili ule ina jumla ya 6.

#12 KaratasiYaGrafu

Dada umenimaliza. Na sasa naona sababu, ni guta tena! Kutoka kona moja ya mstatili hadi ya pili, mitaa minne kulia na miwili juu, kuna njia nyingi na zote zina urefu sawa. Popote ndani ya sanduku ni "njiani". Hakuna unapopita ukaambiwa umezunguka.

#13 BintiWaTanga

Njia 15 kamili ukihesabu za kwenye mitaa: hatua sita, uchague mbili ziwe za juu. Rula inakupa njia fupi moja. Mitaa inakupa 15 na hakuna ya kuionea wivu nyingine.

#14 DerevaBoda

Hapo ndipo mnapopigwa na maisha. Njia 15 zina urefu sawa lakini moja ina machinga katikati ya barabara, nyingine lori linashusha mabelo. Endeleeni na karatasi.

#15 MamaWawili

Mimi swali langu la biashara. Tuna maduka mawili, mimi na mume wangu. Tunataka kugawana wateja, kila mteja aende duka lililo karibu naye. Shuleni tulisema mpaka ni mstari unaokata katikati kwa pembe mraba. Kwa guta mpaka unapita wapi?

#16 BintiWaTanga

Inategemea maduka yamekaaje, dada. Yakiwa mtaa mmoja, mpaka umenyooka kama wa shule. Lakini tuseme lako liko (0, 0) na la shemeji (4, 2). Mpaka unatoka juu ukishuka wima kwenye mtaa wa 1, ukifika (1, 2) unakata mshazari hadi (3, 0), kisha unaendelea wima chini kwenye mtaa wa 3. Umevunjika mara mbili kama mguu wa panzi.

Omba tu yasiwe yamekaa kwenye kona za mraba kamili, mfano (0, 0) na (4, 4). Hapo katikati kuna mshazari kutoka (0, 4) hadi (4, 0), sawa. Lakini eneo lote la kushoto juu, kuanzia (0, 4) na kuendelea mpaka mwisho wa mji, kila aliye huko yuko umbali sawa na maduka yote mawili. Na eneo lote la kulia chini vilevile. Mpaka wenu unakuwa na mashamba mawili ndani yake, na wateja wa huko hawana mwenyewe.

#17 MamaWawili

Basi hao wote wangu.

#18 KaratasiYaGrafu

Parabola. Hii nimeteseka nayo, na nadhani kuna mahali nimekosea, nisahihisheni.

Parabola ni nukta zilizo umbali sawa na msumari mmoja na mstari mmoja. Mimi nimeiona hivi: duka ni msumari, barabara ya lami ni mstari. Ni wapi ambapo kwenda dukani na kwenda lami ni sawasawa? Duka nimeliweka (0, 2), lami inapita mlalo kwenye kimo cha -2. Kwenda lami ni kushuka wima tu, hakuna ugumu.

Chini kabisa ni (0, 0). Kutoka hapo mistari miwili inapanda, kila mitaa miwili ya pembeni inapanda mmoja, mpaka usawa wa duka lenyewe, yaani (4, 2) na (-4, 2). Baada ya hapo sikuamini: inasimama wima. Kuta mbili, moja kwenye 4 na nyingine kwenye -4, zinakwenda juu hazina mwisho. Ni mfuko wa shati la shule! Ncha chini, pembeni wima.

Sababu ni kwamba ukishapita kimo cha duka, kila hatua ya juu inakuongezea moja kutoka dukani na moja kutoka lami. Usawa hauvunjiki. Parabola ya rula inaendelea kutanuka milele, hii inachoka kutanuka.

Nilipokwama: nililaza lami mshazari, ule mstari ambao kulia na juu vikijumlishwa vinatoa sifuri. Duka (1, 1). Nikapima umbali hadi lami kwa kushusha pembe mraba, kama tulivyofundishwa, nikapata umbo ambalo halifungamani na chochote.

#19 Mwl_Chaki

Kosa lako ni hilo neno "pembe mraba". Kushusha pembe mraba ni tabia ya rula. Hapa ulipima msumari kwa guta na lami kwa rula, ukachanganya mizani mbili kwenye duka moja.

Guta likitaka kufika lami ya mshazari, linakwenda moja kwa moja kulia au kushoto mpaka liiguse, au moja kwa moja juu au chini mpaka liiguse, lile lililo fupi. Halihitaji kukata kona hata mara moja. Lami ikiwa imelala zaidi, shuka wima. Ikiwa imesimama zaidi, nenda mlalo. Hii yako imelala nusu kwa nusu, kwa hiyo zote mbili ni sawa.

Rudia hesabu.

#20 KaratasiYaGrafu

Nimerudia, imekubali. Kutoka juu unashuka wima kwenye mstari wa 0 hadi (0, 1), unakata mshazari hadi (1, 0), kisha unakwenda mlalo kulia bila mwisho. Kama kona ya chumba ambayo fundi kaijazia tofali la mshazari. Kwa hiyo kwa rula, ukigeuza karatasi, parabola inageuka nayo, ni ileile. Kwa mitaa, ukigeuza lami, parabola inabadilika umbo kabisa. Mji una mielekeo yake, haukubali kugeuzwa.

#21 Ngosha_wa_Ziwani

Nimetoka kukaa chini. Haipabola hakuna aliyeigusa, nimeichukua mimi. Tofauti ya umbali hadi misumari miwili haibadiliki. Misumari (-3, 0) na (3, 0), tofauti 2.

Wakuu, nimepata mistari miwili iliyosimama wima. Mmoja kwenye 1, mwingine kwenye -1. Hakuna kupinda wala nini. Misumari iko mtaa mmoja, kwa hiyo kupanda kwako kunaongezeka sawa kwa yote miwili, ukitoa kunafutika. Juu na chini hakuna maana, ni kulia na kushoto tu.

Halafu nikapandisha tofauti hadi 6, sawa na umbali wa misumari yenyewe. Kila aliye kulia kwa msumari wa kulia, awe wapi, juu chini, tofauti yake ni 6. Nusu nzima ya dunia ile! Na kushoto vivyo hivyo. Haipabola yangu ni mabara mawili na mfereji katikati.

#22 Kisamvu

Ngosha alikuja kupinga, sasa hivi anagawa mabara.

#23 MbongoChicago

Nimeusoma wote kwa raha, maana naishi Chicago na mji huu una sehemu kwenye hadithi. Jina la teksi lilitokea hapa. Karl Menger, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifundisha Illinois Institute of Technology, aliandaa maonyesho ya jiometria kwenye Museum of Science and Industry mwaka 1952, na kwenye kijitabu cha maonyesho hayo ndipo alipouita umbali huu wa teksi.

Na mji wenyewe ni karatasi ya grafu. Namba za nyumba zinaanzia sifuri pale State Street inapokatana na Madison Street, na kila maili inachukua namba 800. Mtu akikwambia 3200 kaskazini na 1600 magharibi, umeshajua ni maili nne juu na mbili kushoto, na teksi itatembea maili sita. Huhitaji ramani.

Ila kuna mabarabara machache ya mshazari. Milwaukee Avenue inafuata njia ya wenyeji wa asili iliyokuwepo kabla ya mji kupangwa, inakata mitaa yote kwa ubavu. Ukichora uru ya mleta mada karibu nayo, upande huo inachomoza kama mtu kavimba jino.

#24 FundiSaketi

Nyaya ndani ya chipu ya simu yako nazo kwa kawaida zinapita hivyo, tabaka moja mlalo, tabaka lingine wima. Anayepanga chipu anahesabu umbali wa guta kutwa nzima.

Mleta mada, mpe bosi wako hii bure. Akitaka kujua stoo aiweke wapi ili jumla ya safari iwe ndogo, asitafute wastani. Apange wateja kwa mtaa, achukue wa katikati. Mfano wateja watano wako mtaa wa 1, 2, 3, 7 na 12. Wastani ni 5, jumla ya safari kutoka hapo ni 18. Wa katikati ni 3, jumla ni 16. Afanye hivyo kwa kulia na kushoto, kisha afanye peke yake kwa juu na chini. Yule wa mtaa wa 12 hata ahamie wa 40, stoo haisogei.

#25 KidatoChaNne

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza. Nimechora pembetatu yenye kona (0, 0), (1, 1) na (-1, 1). Kwa mitaa kila upande ni 2, kwa hiyo ni pembetatu ya pande sawa. Lakini nikiweka protrakta, kona ya chini ni nyuzi 90. Nimekosea wapi?

#26 Mwl_Chaki

Marahaba. Hujakosea popote. Sasa chora nyingine: (0, 0), (2, 0) na (0, 2). Pande mbili ni 2 na 2, kati yake kuna nyuzi 90, kama yako. Upande wa tatu?

#27 KidatoChaNne

4. Ya kwanza ulikuwa 2. Sasa ile ya upande, pembe, upande, kwamba zikilingana basi pembetatu ni sawasawa?

#28 Mwl_Chaki

Inakufa hapo. Misingi mingine yote ya jiometria uliyosoma inabaki hai kwenye mji huu, nukta, mistari, sambamba, pembe za protrakta. Huo mmoja tu ndio haupo. Usiandike hivyo kwenye mtihani lakini.

#29 DerevaBoda

Mwalimu ulisema adabu ya pili ni kwenda kuwe sawa na kurudi. Guta sawa, linapita popote. Lakini kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo? Mitaa ya njia moja? Naenda mtaa mmoja, kurudi nazunguka mitano.

#30 Mwl_Chaki

Basi kwa kirikuu huo si umbali tena kwa maana ile. Utakuwa na maduara mawili kutoka duka lilelile, la wanaokwenda na la wanaorudi, na hayafanani. Umenipata, sina jibu zuri la kuchora.

#31 KaratasiYaGrafu

Mrejesho wakuu. Nilimwonyesha bosi zile karatasi. Ya uru aliielewa haraka, ya haipabola alinirudishia bila kusema kitu. Tangazo jipya limebandikwa leo asubuhi: BURE MITAA MITATU, HESABU NI YA GUTA.

Mama wa Jumanne karudi saa tano. Kasoma tangazo, kasimama mlangoni, kanyoosha kidole, anahesabu midomo ikicheza bila sauti. Kisha kamgeukia kijana wa guta: "Leo mzigo hauendi kwangu. Unaenda kwa mdogo wangu. Mtaa mmoja kunyoosha, miwili kulia."

Kijana akahesabu kwa vidole. Akaanza kupakia.